Mtoto wa soksi za kijani: uchambuzi wa kisa kimoja cha kufundisha tai chi kwa watoto wadogo

Kisa hiki ni cha kikundi cha watoto 14 wa miaka 5 hadi 7. Nilikutana nao mara moja kwa wiki, kwa wiki 8. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha tai chi, mazoezi ya Kichina ya mwendo wa taratibu, kwa watu wazima tu, wengi wao wazee wenye magoti yanayouma na subira ya kutosha. Nakiandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu anayejiandaa kusimama mbele ya watoto kwa mara ya kwanza. Kosa nililomfanyia mtoto mmoja wa kikundi hiki nimeliona baadaye kwa walimu wengine, tena walimu wazuri. Mtoto mwenyewe sitamtaja jina. Siku ya kwanza alivaa soksi za kijani, na humu ndani ataitwa hivyo.

Kipindi cha kwanza kilivyoharibika

Nilifika na mpango wa watu wazima, nimeupunguza tu. Wanafunzi wapya huwa nawaanzishia mfululizo wa miondoko 24, ule uliotungwa China mwaka 1956 kutokana na mtindo wa Yang, mmoja wa mitindo mikuu ya tai chi, ili watu wengi waweze kujifunza. Aliyeuzoea humaliza kwa kama dakika 5 au 6. Nilidhani watoto wangemudu miondoko 6 ya mwanzo. Niliwapanga mistari mitatu, nikawapa mgongo kama tunavyofanya kwa watu wazima ili wanifuate kulia kwa kulia na kushoto kwa kushoto, nikainua mikono.

Nilipogeuka, wanne walikuwa wamekaa chini, wawili wanavutana mashati, na Soksi za Kijani alikuwa amekwisha maliza. Hatua zote tatu za "kutenganisha manyoya ya farasi mwitu" alizipiga mbio huku mikono ikipaa hewani, akafika ukutani, akarudi mahali pake. Nikamwambia, "Polepole." Akaitika, "Ndiyo, mwalimu," akaenda mbio zaidi. Nikawakumbusha wote kwamba pole pole ndio mwendo. Methali waliijua. Wakaipokea kwa sauti moja, wakaigeuza wimbo, na wimbo ukawa wa kukimbilia.

Kisha nikaongeza kosa la pili. Niliwaambia wavute pumzi ndefu mikono ikipanda na waitoe ikishuka. Kwa mtoto wa miaka 5, "vuta pumzi ndefu" ni mashindano. Walipandisha mabega hadi masikioni, wakapuliza kama wanaozima mshumaa, wakarudia tena na tena kwa haraka, na kabla dakika mbili hazijaisha msichana wa mstari wa mbele akashika kichwa akasema chumba kinazunguka. Alikuwa amepumua kupita kiasi. Mtu akipumua haraka na kwa nguvu bila mwili kuhitaji, kaboni dayoksaidi hupungua kwenye damu, mishipa ya ubongo hubana, na kizunguzungu hufuata. Nilimkalisha, akatulia, akarudi kwenye mstari akiwa mzima. Tangu siku hiyo sitaji pumzi kabisa mbele ya watoto wa umri huu. Mtoto asiyekaza mwili anapumua vizuri bila kuelekezwa, na hilo tu ndilo ninalolihitaji kwake.

Mama yake Soksi za Kijani alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu, samahani. Amekusumbua sana?"

"Hapana, mama. Ana nguvu nyingi tu."

"Ndiyo maana nimemleta. Nyumbani hatulii hata kidogo. Nimesoma kwamba tai chi inawatuliza watoto wa aina yake."

Nilimjibu kwamba tutaona. Lilikuwa jibu la woga. Ningemwambia ninachokijua. Utafiti unaotajwa mara nyingi katika jambo hili ulifanywa Marekani, ukachapishwa mwaka 2001, na ulifuata vijana 13 wenye ADHD, yaani tatizo la kushindwa kutulia na kukaza makini, kwa wiki 5. Walimu wao waliona mabadiliko mazuri, lakini hao walikuwa vijana wa balehe, walikuwa wachache, na hapakuwa na kundi jingine la kulinganisha nalo. Mtu hawezi kuchukua hayo na kumwahidi mzazi wa mtoto wa miaka 6 kwamba mwanawe atatulia. Tena huyu mtoto hakuwa na ugonjwa wowote uliotajwa na daktari. Alikuwa mtoto anayekimbia. Wiki iliyofuata nilimwambia mama yake hayo yote waziwazi, naye akasema ni afadhali kujua.

Hesabu iliyonifumbua macho

Nakiri kwamba baada ya kipindi cha kwanza nilikuwa nimeamua: akivuruga tena, nitaomba ahamishiwe kikundi cha wakubwa. Kilichonizuia ni mchezo niliouleta wiki ya pili kwa sababu nyingine kabisa, wa kuwazoesha mwondoko wa "jogoo wa dhahabu anasimama kwa mguu mmoja". Kila mtoto alisimama kwa mguu mmoja, macho yakitazama alama ya selotepu ya rangi niliyobandika ukutani, nasi tukamhesabia kwa sauti. Mtoto wa miaka 5 anayekua kama kawaida huweza kufika karibu sekunde 10. Wengi walifika 7, 8, mmoja akavuka 15. Soksi za Kijani aliangusha mguu kwenye 3. Akarudia: 3. Mguu wa pili: 2. Alicheka kwa sauti kubwa na kujirusha sakafuni kana kwamba kuanguka ndio mchezo wenyewe. Nilikuwa karibu naye, nikaona vidole vya mguu wake ndani ya soksi vimejikunja kama vinashika tawi, na kifundo kinatetemeka kushoto na kulia kwa kasi. Alikuwa amejitahidi kwa kila alichonacho.

Usiku ule nilikaa nikapiga hesabu. Hatua ya tai chi ina siri yake: uzito wote unabaki kwenye mguu wa nyuma wakati mguu wa mbele unapelekwa ukiwa mtupu, kisigino kinagusa chini bila kubeba kitu, ndipo uzito unahamishwa kidogo kidogo. Lugha ya tai chi huita hivi mguu uliojaa na mguu mtupu. Kutembea kwa kawaida ni tofauti, maana mtu anaanguka mbele na mguu unawahi kumdaka. Sasa, kwa mwendo ule niliokuwa nawaonyesha, kila hatua ilinichukua kama sekunde 4 au 5 juu ya mguu mmoja. Mtoto mwenye sekunde 3 hawezi kulipa sekunde 4. Njia pekee aliyokuwa nayo ya kufika upande wa pili bila kuanguka mbele ya wenzake ilikuwa kwenda mbio, kwa kuwa mwendo wa kasi unambeba mtu kama unavyombeba anayeendesha baiskeli.

Kwa hiyo kila niliposema "polepole" nilikuwa namwagiza afanye jambo ambalo miguu yake haiwezi, na kila alipoongeza kasi nilimhesabia utovu wa adabu. Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kuliko yote. Tumezoea kuiona taratibu kama tabia, kitu cha moyo na malezi, wakati kwa mwili mdogo ni uwezo wa misuli ya nyonga na kifundo, pamoja na macho na kiungo cha usawa kilicho ndani ya sikio, ambavyo katika umri huu bado vinajifunza kufanya kazi kwa pamoja. Kumkaripia mtoto kwa kukosa mwendo wa taratibu ni sawa na kumkaripia kwa kutofikia kitasa cha mlango.

Tulichobadilisha

Kwanza niligeuka nikawatazama. Ina maana napaswa kuwa kioo: wao wakipeleka mkono wa kulia mimi natumia wa kushoto, na ulimi wangu unasema "kulia" huku mwili unafanya kinyume. Ilinichukua jioni kadhaa peke yangu kuizoea, na bado hukosea. Lakini watoto wengi wa umri huu hawajashika vizuri kulia na kushoto kwao wenyewe, sembuse kwa mtu anayewatazama. Niliwafunga utepe mwekundu mkono wa kulia, nikaacha kutaja kulia na kushoto, nikasema "mkono wa utepe" na "mkono mwingine". Kelele za "huu au huu?" zikaisha siku hiyohiyo.

Pili, tukaanza kila kipindi kwa kukimbia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto kuanzia miaka 5 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi ya wastani hadi mazito, na tai chi ya taratibu haiwezi kujaza nafasi hiyo. Anayempunguzia mtoto muda wa kukimbia ili asimame kimya anampunja. Dakika 10 za kufukuzana, kisha dakika 15 za tai chi, basi. Zile 45 nilizopewa sikuzitumia tena zote kwa somo. Na hakuna haja ya kuomba radhi kwa kuingiza kasi: mtindo wa Chen, ambao ndio wa zamani zaidi, unachanganya mwendo wa taratibu na mapigo ya ghafla. Watoto walipenda sana kusikia hivyo.

Tatu, hatua ikafupishwa. Niliwapa hatua ya nusu unyayo, na ncha ya vidole vya mguu mtupu ikaruhusiwa kuburuta sakafuni. Hapo ile sekunde 4 ya mguu mmoja ikawa haipo, kwa kuwa mguu wa pili unachungulia ardhi muda wote. Nilitumia picha ya paka. Maandishi ya kale ya tai chi yanayohusishwa na Wu Yuxiang, bwana wa karne ya 19, yanataka hatua iwe kama ya paka na nguvu iendeshwe kama mtu anayevuta uzi wa hariri. Lakini picha za wanyama nazo zina mtego. Wiki ya kwanza niliposema "tunamrudisha nyuma nyani", nilipata nyani 14. Ukimwambia mtoto awe paka, atalia nyau na kukukwaruza. Nilipowaambia kwamba pale mbele kuna paka amelala, nasi tunapita bila kumwamsha, walipita vizuri ajabu. Mtoto akiwa na kazi ya kufanya, mwili wake unaipanga taratibu yenyewe.

Ukanda wa karatasi

Hapo ndipo likaja wazo la uzi. Uzi wa hariri ukivutwa ghafla hukatika, ukilegea hujikunja. Nikafikiri: kwa nini nisiwape uzi wenyewe? Wiki ya nne nilileta uzi wa kushonea, nikawapanga wawili wawili, kila mmoja akashika ncha kwa vidole viwili, umbali wa mikono miwili kati yao. Mmoja anatembea hatua za paka, wa pili anafuata, uzi usilegee wala usikatike.

Uzi ulikuwa wa poliesta. Haukatiki. Mvulana mmoja aliuzungusha kidoleni, mwenzake akavuta, na kidole kikapata mstari mwekundu uliomliza. Hilo lilikuwa kosa langu, ningeujaribu kwanza nyumbani. Niliukusanya wote, na tulichokuwa nacho karibu kilikuwa karatasi ya chooni. Tukakata kanda za urefu wa mita moja. Zinachanika kwa kuguswa vibaya tu, na hazimuumizi mtu.

Tangu wakati huo kila kitu kikawa tofauti. Soksi za Kijani alichana ukanda wa kwanza hatua ya kwanza, wa pili hatua ya pili. Wa tatu aliushika, akaunyanyua karibu na uso wake, akautazama ule mstari wa vitobo pale karatasi inapoungana, akaniuliza, "Mwalimu, inaanzia kuchanika hapa?" Nikasema ndiyo. Akasogeza vidole vyake mbali na vitobo. Kisha akakunja magoti kidogo, jambo nililokuwa nimelisema mara 20 bila mafanikio, akapeleka mguu nusu unyayo huku macho hayatoki kwenye karatasi. Alienda hatua sita. Sikuwa nimesema neno "polepole" hata mara moja, na nimeliondoa kabisa darasani. Karatasi ilimwambia papo hapo, bila kumuaibisha, pale alipovuta mno.

Kwa walimu wa tai chi, huu ni mlango wa kuingilia mazoezi ya wawili, yale ya kusukumana mikono yanayoitwa tui shou. Kwa watoto wadogo sipendekezi kusukumana kwenyewe, kwa kuwa hugeuka mieleka, na wapo watoto ambao hawataki kuguswa nao wana haki hiyo. Ukanda unafundisha jambo lilelile, yaani kumsikiliza mwenzako kupitia mkono, bila ngozi kugusana.

Mtoto ambaye sikumwona

Katika mstari wa mbele alikuwepo msichana wa miaka 7, yuleyule aliyepata kizunguzungu. Alinifuata kila mwondoko kwa usahihi, hakuzungumza, hakuwahi kutoka mahali pake. Kwenye daftari langu la wiki tatu za mwanzo nimeandika mbele ya alama yake neno moja: vizuri. Kuhusu Soksi za Kijani niliandika kurasa.

Siku ya ukanda, msichana huyu alichana kila karatasi. Alichana saba. Nilipokaribia niliona kwamba kiwiko chake kimenyooka kama fimbo, bega limepanda, kidole gumba kimebana karatasi hadi ukucha umekuwa mweupe. Alikuwa mkimya, na mimi nilidhani ukimya huo ni utulivu. Sifa ya kwanza ya tai chi, ambayo Wachina huiita song, ni kulegeza mwili bila kuulaza, na huyu niliyemwandikia "vizuri" ndiye aliyekuwa mbali nayo kuliko wote. Alikuwa anaogopa kukosea. Ukirudi kwenye kizunguzungu cha siku ya kwanza utaona dalili ilikuwepo: watoto wote waliambiwa wapumue, yeye peke yake alitii kwa nguvu zote hadi akaumia.

Sikujua la kufanya. Nilijaribu kumwambia alegeze, akakaza zaidi, na bila shaka kumwambia mtoto "legeza" ni kosa lilelile la "polepole" kwa jina jingine. Kilichomsaidia kidogo ni kumpa Soksi za Kijani awe mwenzake. Yule alichana bila kujali, akacheka, akaomba karatasi nyingine. Baada ya kuchana mbili kwa mkono wa mwenzake, msichana akacheka pia. Bega likashuka. Halikubaki chini siku zote, na wiki ya nane lilikuwa bado linapanda nilipopita karibu naye.

Siku ya wazazi na mambo yaliyobaki

Kipindi cha mwisho wazazi walikuja kutazama. Watoto walikuwa na miondoko 4 tu: kuinua mikono, mikono kama mawingu, manyoya ya farasi mwitu, na jogoo wa dhahabu. Baba mmoja aliuliza, kwa heshima kabisa, kama wiki 8 hazikutosha kwa zaidi ya hapo. Nilimjibu kwamba zilitosha kwa hiyo minne na ningefurahi zingetosha kwa mitatu. Alikubali, ingawa sidhani kama aliridhika.

Soksi za Kijani alisimama kwa mguu mmoja hadi hesabu ya 8. Mama yake alinishukuru. Nilimwambia kwamba wiki 8 katika umri ule ni muda mrefu, mtoto anakua hata akilala, na kurudia mchezo uleule wa kuhesabu kunamfanya awe hodari wa mchezo huo. Siwezi kusema ni tai chi iliyofanya hivyo. Nyumbani bado anakimbia, alisema mama, ila sasa akibeba glasi ya maji anakunja magoti.

Magoti ndiyo yanayonisumbua hadi leo. Watoto wanne kati ya 14 walikuwa wakiacha goti liingie ndani kila walipohamisha uzito, na kuwaambia "goti lifuate vidole vya miguu" kulisaidia kwa dakika moja tu. Mikao ya chini nimeifuta kabisa kwao. Mkao wa juu, magoti yamekunjwa kidogo tu, haumpunguzii mtoto chochote.

Jambo jingine ni umri. Kumweka wa miaka 5 pamoja na wa miaka 7 kulinirahisishia ratiba, lakini wale wadogo walitumia nguvu nyingi kufikia urefu wa hatua za wakubwa. Kikundi kinachofuata nimekigawa mara mbili, dakika 25 kila kimoja, ukanda wa karatasi ukianza siku ya kwanza. Na daftari langu nimelichora upya, kila mtoto ana nafasi ileile ya mistari mitano, awe anapiga kelele au amenyamaza.